Mjamzito asiyelala: kinachomwamsha na kinachomzuia kulala tena

Mimba yangu ya pili ilinikuta Majengo, Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Mwezi wa saba ulipoingia nikawa naamka saa saba za usiku kwenda haja ndogo, narudi kitandani, na hapo usingizi unapaa. Nabaki nimekodoa macho gizani hadi muadhini aadhini. Mama mkwe aliponiona nasinzia mbele ya sufuria ya mbaazi alinionea huruma. "Zoea, mwanangu," akaniambia. "Mwana akija ndipo hutalala kabisa."

Neno hilo nimelisikia tena kwa mashangazi, kwa majirani, hata kwa nesi mmoja aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni. Wote walinena kwa nia njema. Lakini lilinifunga mdomo miezi miwili, na katika miezi ile kulikuwa na mengi ya kufanya ambayo hakuna aliyeniambia.

Ukisema "sipati usingizi" umetaja mambo mawili kwa jina moja. Kuna kile kinachokuamsha: kibofu, kiungulia, joto, miguu, mtoto anayecheza. Na kuna kile kinachokuzuia kurudi usingizini ukishaamka. La kwanza humpata karibu kila mwenye mimba. La pili ndilo wataalamu wanaloliita hasa kukosa usingizi, na tafiti zikijumlishwa zinaonesha kuwa karibu wanawake wanne kati ya kumi wanalo katika miezi mitatu ya mwisho. Kila moja lina chanzo chake na tiba yake, ndiyo maana mtu hununua mto mpya, akaweka feni mpya, na bado akakesha.

Tuanze na mwili. Tangu wiki za mwanzo homoni ya projesteroni hupanda sana. Ndiyo inayomfanya mwenye mimba changa asinzie mchana kwenye matatu, na ndiyo hiyo hiyo inayolegeza misuli laini ya ndani na kupandisha kidogo joto la mwili. Damu nayo huongezeka kwa karibu nusu, na figo zinachuja zaidi kuliko kawaida. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji yanayotuama miguuni kutwa nzima, yale yanayofanya viatu vibane jioni, ukilala hurudi kwenye mzunguko wa damu na kupita kwenye figo. Kwa hiyo safari za chooni hazitokani tu na maji uliyokunywa usiku. Jilaze alasiri nusu saa, miguu juu ya mito, ili maji hayo yatoke kabla ya saa ya kulala. Kunywa maji na madafu yako mchana kwa wingi, punguza baada ya magharibi. Ukiwa chooni, inama kidogo mbele umalize kwa kutulia ili mkojo utoke wote. Mkojo ukichoma au ukileta homa, hilo ni suala la kupimwa, na wala usilingoje lipite lenyewe.

Kiungulia nacho kina mkono wa projesteroni. Mlango ulio kati ya umio na tumbo hulegea, na mji wa mimba unaokua hulisukuma tumbo juu. Ongeza viazi karai na ukwaju saa tatu usiku, au biriani iliyobaki, kisha ulale: asidi inapanda hadi kooni. Kula chakula kikubwa mchana, cha usiku kiwe chepesi na kiwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Inua kichwa cha kitanda kwa kuweka matofali chini ya miguu yake miwili ya mbele, maana mito mingi shingoni hukunja tumbo na kuzidisha shida. Dawa za kiungulia zipo za kutumiwa na wajawazito, muulize mkunga. Ila usizimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Joto la Mombasa halihitaji maelezo. Kaskazi inapopungua nguvu, mwezi wa pili na wa tatu, hata usiku wa manane chumba hakipoi. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, na wewe tayari una homoni inayolipandisha. Oga maji ya ndoo kabla ya kulala, lowesha leso ya pamba uikamue ujitandaze miguuni, sogeza kitanda karibu na dirisha. Kuna wanaoamua kutupa chandarua kwa sababu ya joto. Tafadhali usifanye hivyo. Malaria ni hatari zaidi kwa mwenye mimba na kwa mwanawe, ndiyo maana chandarua chenye dawa hutolewa kliniki. Weka feni ipulize ndani ya chandarua kutoka upande wa miguu, na ukiweza tafuta kile kipana kinachoning'inia mbali na mwili.

Miguu nataka niiseme kwa kirefu, maana hapa ndipo wengi hukosewa. Kuna mkakamao: shavu la mguu linabana ghafla, unapiga kelele, unaamsha nyumba. Huo ukikushika, vuta vidole vya mguu kuelekea gotini na usimame juu ya sakafu baridi, utaachia. Kabla ya kulala nyoosha misuli hiyo kwa kuegemea ukuta. (Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na ukauma mfululizo, huo si mkakamao. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa.)

Na kuna miguu isiyotulia. Hii haiumi hasa. Ni kama wadudu wanaotambaa ndani ya mifupa, inaanza jioni unapokaa au kulala, na inatulia ukiinuka kutembea. Wanawake hushindwa kuieleza, wakisema tu "miguu yanisumbua", wakaambiwa ni uchovu. Mara nyingi ina uhusiano na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na huzidi miezi ya mwisho mtoto anapojiwekea akiba yake. Sasa tazama mlolongo huu. Mwanamke ana upungufu wa damu, anatamani udongo, ule unaouzwa sokoni kwa vipande, anautafuna kutwa. Hamu ya kula udongo huandamana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huweza kuyazuia yaliyomo kwenye chakula yasifyonzwe. Anakunywa chai ya rangi juu ya vidonge vyake vya damu, na chai nayo huzuia. Usiku miguu inamkosesha raha. Anakwenda duka la dawa, anauziwa vidonge vya mzio na mafua vinavyoleta usingizi, kama Piriton. Dawa za jamii hiyo zinajulikana kuifanya miguu isiyotulia isitulie zaidi. Anakesha, na kila mtu anamwambia azoee.

Kwa hiyo ukiwa na miguu ya namna hiyo, uliza kliniki wingi wa damu yako na ikiwezekana akiba ya madini ya chuma. Kidonge cha damu kilichozoeleka kutolewa Kenya kina miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Kimeze na maji ya ndimu au chungwa, na chai au maziwa yangoje saa mbili hivi. Kikikusababishia kichefuchefu, kimeze usiku, usikifiche kabatini. Na udongo uutaje kwa mkunga bila haya. Mficha uchi hazai.

Kuna swali jingine ambalo hapa kwetu linawasumbua wanawake kuliko madaktari wanavyodhani: ubavu gani? Kliniki wanasema kushoto. Binti wa Kiislamu amefunzwa tangu utotoni kuwa sunna ni kulalia ubavu wa kulia. Nimeongea na wanawake waliokuwa wakigeuka usiku kucha kwa hofu mbili, ya kumdhuru mtoto na ya kuacha waliyofunzwa. Ukweli wa kitabibu unaondoa shida hiyo. Kinachoepukwa ni kulala chali, hasa kuanzia wiki ya 28, kwa sababu mji wa mimba hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Uchambuzi uliounganisha data za tafiti kadhaa mwaka 2019 uliona kuwa kuanza usingizi kwa kulala chali katika miezi hiyo kunahusiana na hatari kubwa zaidi ya mtoto kufia tumboni, na haukuona tofauti kati ya ubavu wa kulia na wa kushoto. Kushoto husaidia kiungulia, basi. Anza usingizi kwa ubavu unaoupenda, mto wa sufi au leso iliyokunjwa kati ya magoti, mwingine mgongoni kukuzuia. Ukiamka ukajikuta chali usishtuke wala usianze kujilaumu. Geuka, ulale.

Na ndoto. Wajawazito huota ndoto nyingi, wazi na za kutisha: mtoto amepotea sokoni Marikiti, nyumba imejaa maji. Watu husema ni jinamizi, wengine husema ni jini. Sitamzuia mtu kusoma dua, nami nilisoma. Lakini jua kwamba ndoto kali huja zaidi sehemu ya mwisho ya usiku, na anayeamka mara kwa mara huzikumbuka nyingi kwa sababu amekatizwa katikati yake. Ndoto hizo hazikuambii lolote juu ya mtoto.

Sasa tuje kwenye lile la pili. Umekwenda chooni, umerudi, huna kiungulia, feni inapuliza, na bado macho wazi. Hapa mwili umekwisha kazi yake na sasa ni mazoea na mawazo. Usiku wa kwanza uliamka kwa sababu ya kibofu. Ukalala macho saa mbili, ukatazama saa ya simu, ukahesabu: "Zimebaki saa tatu kabla ya kupika chai." Usiku wa pili ukaingia kitandani mapema mno, saa mbili, ili ufidie. Mchana ukalala saa tatu nzima. Siku ya kumi ubongo umeshafunzwa kuwa kitanda ni mahali pa kukeshea, na hata kibofu kikitulia, utaamka. Hivi ndivyo sababu ndogo ya kimwili inavyozaa ugonjwa unaojiendesha wenyewe.

Tiba iliyothibitishwa zaidi kwa hali hii hufanya kazi kwa kuyafumua mazoea hayo. Wataalamu huiita tiba ya fikra na tabia, na ndiyo inayopendekezwa kwanza, kabla ya vidonge, kwa watu wote wenye tatizo sugu la usingizi. Imejaribiwa kwa wajawazito pia na ikasaidia. Sehemu zake kuu unaweza kuzianza mwenyewe.

Ukiona umelala macho kama dakika 20 hivi, kwa kukisia tu bila kutazama saa, ondoka kitandani. Kaa kwenye mkeka au kiti, taa hafifu, fanya jambo tulivu: uradi, sala, kushona kofia, kukunja nguo za mtoto. Usingizi ukikurudia machoni ndipo urudi. Usiku wa kwanza na wa pili utachoka zaidi, sikufichi. Kufikia wiki ya pili kitanda huanza kuwa kitanda tena. Simu iache mbali, si kwa sababu ya mwanga wake tu, ila kwa sababu kwenye WhatsApp daima kuna mtu anayesimulia kujifungua kwa balaa.

Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Hapa tuna msaada ambao watu wa nchi za mbali hawana: sisi tuko digrii nne tu kusini mwa Ikweta, alfajiri haisogei sana mwaka mzima. Adhana, au jogoo, au kelele za tuktuk za kwanza, ifanye iwe nanga yako, kisha toka nje upate mwanga wa asubuhi. Wenye kufunga Ramadhani wanajua jinsi daku inavyouvunja usiku vipande viwili. Sheria imempa ruhusa ya kufungua mjamzito anayehofia afya yake au ya mwanawe, na hilo liongee na daktari na shehe wako kabla ya mwezi kuandama. Usingizi wa mchana usiuache, Mombasa adhuhuri ni ya kulala, lakini uwe nusu saa na uishe kabla ya saa tisa. Atakayekuambia ujinyime usingizi kwa ukali ili uchoke, usimfuate. Kupunguza saa za kitandani kwa mjamzito hufanywa polepole na kwa usimamizi.

Kahawa ni mahali ambapo hesabu ya kawaida hubadilika. Mtu asiye na mimba hupunguza nusu ya kafeini, ile inayofukuza usingizi ndani ya kahawa, mwilini kwa saa tano hivi. Karibu na kujifungua, nusu hiyo hiyo yaweza kuchukua hadi saa kumi na tano. Kikombe cha kahawa chungu kutoka kwenye dele, na kipande cha haluwa, ulichokunywa baada ya isha, kesho yake asubuhi bado kingalimo. Chai nayo ina kafeini, na soda za kola pia. Taasisi nyingi hushauri mjamzito asizidi miligramu 200 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linawataka wanaozidi 300 wapunguze. Mimi ningesema hivi: kunywa chai yako ya asubuhi na mahamri kwa raha zako, baada ya adhuhuri basi.

Halafu hofu. Usiku kila jambo huwa kubwa. Mwanamke wa Likoni au Mtongwe hulala akifikiria uchungu umpate saa tisa za usiku na hospitali iko ng'ambo ya kivuko. Hofu ya namna hii haiondolewi kwa kuambiwa utulie. Huondolewa kwa mpango. Kaa na mumeo, au mama, au shoga yako, alasiri na kalamu: ni nani mwenye tuktuk au gari anayepokea simu usiku, hela za kwenda zimewekwa wapi, nani atabaki na watoto, nani atatoa damu ikihitajika, utakwenda hospitali gani upande wa kwenu na ipi kukiwa na dharura. Kijitabu cha mama na mtoto unachopewa kliniki kina nafasi ya kuandika mpango huo. Mambo yaliyoandikwa mchana hayana sababu ya kukuamsha.

Lakini zipo hofu ambazo kalamu haizimalizi. Ukikosa usingizi hata ukiwa na nafasi ya kulala, ukiamka alfajiri na moyo mzito, ukapoteza hamu ya chakula na watu, ukalia bila sababu kwa zaidi ya wiki mbili, huenda ni sonona, ambayo huja hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Inatibika. Ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu leo na uende hospitali leo. Na kama unachokiogopa usiku ni mtu mliyelala naye chumba kimoja, namba ya bure 1195 husaidia waathiriwa wa ukatili wa majumbani.

Vidonge vya usingizi sijavitaja kwa makusudi hadi sasa. Zipo hali ambazo daktari ataviandika. Ila Valium na jamii yake, ikitumiwa mfululizo miezi ya mwisho, hupita kwenye kondo la nyuma na mtoto akazaliwa amelegea au akitetemeka kwa kuikosa. Usipewe na jirani, usinunue kwa kukisia. Dawa za miti shamba nazo, hata zile za bibi, mwoneshe mkunga kwanza.

Kuna usiku ambao haupaswi kungoja asubuhi. Kichwa kinachouma sana na macho kuona maruweruwe au maumivu chini ya mbavu: ni dalili za shinikizo la damu la mimba. Mtoto aliyepunguza kucheza. Kutokwa na damu au maji. Kushindwa kupumua ukilala. Hali hizi ni za kwenda hospitali wakati huo huo. Muwasho wa viganja na nyayo unaozidi usiku, bila upele, uulizie kesho yake, kwani ini linahitaji kupimwa. Kukoroma kulikoanza na mimba, hasa kama mumeo anasema pumzi hukatika, kutaje pia, kwa sababu kunaandamana na shinikizo la damu.

Yaliyobaki yote, anza na daftari. Kwa usiku saba, andika asubuhi, si usiku: uliingia kitandani saa ngapi, nini kilikuamsha, ulipoamka ulibaki macho muda mfupi au mrefu, ulikunywa nini jioni, ulilala mchana kiasi gani. Siku ya kliniki, kabla nesi hajakupima shinikizo, mfungulie ukurasa huo. Mimi daftari langu lilikuwa la mwanangu wa kwanza, lenye picha ya nanga juu, na lilikuwa limeandikwa "miguu" usiku sita kati ya saba.